Kadha na Fidia: Deni la Mwandishi Mgonjwa

Miongoni mwa maswali ambayo maadili ya kazi huyapita kwa haraka, limo hili: mtu ambaye wito wake ni kuandika, na ambaye mwili wake umeshikwa na maradhi yasiyoua upesi wala kupona, anadaiwa nini na wito huo? Swali haliwahusu wanaougua homa ya wiki moja, kwa kuwa hao hulala, hunywa dawa, kisha hurudi mezani na kuikuta kazi pale walipoiacha. Linawahusu wenye maradhi sugu, yaani maradhi yanayokaa na mtu miaka mingi yakipungua na kuzidi bila kuaga, kama vile selimundu, lupasi, baridi yabisi na ule uitwao ugonjwa wa uchovu sugu. Na ndani ya maradhi hayo linahusu hasa uchovu, ambao mara nyingi humzuia mwandishi kuliko maumivu yenyewe.

Uchovu huo si wa mtu aliyefanya kazi akachoka, kwa maana huo wa kawaida huondoka kwa usingizi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2015 na Taasisi ya Tiba ya Marekani kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu ilitaja, miongoni mwa dalili zake kuu, usingizi usioburudisha na kile kinachoweza kuitwa kuzidiwa baada ya juhudi, yaani hali ya mgonjwa kuporomoka kufuatia kazi ambayo zamani asingeihesabu kuwa kazi, iwe ya mwili au ya akili. Mporomoko huo mara nyingi hauji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, au kesho yake, na huweza kudumu siku nyingi. Kwa mwandishi maana yake ni kwamba kurasa tatu zilizoandikwa Jumatatu kwa furaha zinaweza kulipiwa Jumatano kwa kushindwa kufuata sentensi ndefu ya mtu mwingine, na kwamba wakati wa kuandika hajui bei atakayotozwa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa aina hiyo waliagizwa na matabibu waongeze mazoezi kidogo kidogo kwa kipimo kilichopangwa, kana kwamba uchovu ni uoga wa mwili unaotibiwa kwa kuzoeshwa. Mwongozo mpya wa Uingereza wa mwaka 2021 uliacha agizo hilo.

Agizo lile, hata hivyo, halikuwa la matabibu peke yao. Lina mizizi katika imani pana zaidi, ambayo kwa Kiswahili imefupishwa katika methali mbili zinazojulikana na kila mtoto wa shule: kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na kwamba penye nia pana njia. Hakuna ubaya katika methali hizo kwa mtu mzima wa mwili. Tatizo ni kwamba ajizi na uchovu wa ugonjwa, vikitazamwa na jirani kutoka mlangoni, havitofautiani hata kidogo, kwa sababu katika hali zote mbili mtu amelala mchana na karatasi haijaandikwa kitu. Na jambo zito zaidi ni kwamba mgonjwa mwenyewe, akiwa amelelewa na methali zilezile, hushindwa kujitofautisha, akawa mshitaki na mshitakiwa katika kesi isiyo na shahidi.

Falsafa ya Kistoiki, yaani ile ya wanafikra wa Ugiriki na Roma waliofundisha kwamba uhuru wa mtu umo katika yale tu yaliyo chini ya hiari yake, ilijaribu kulijibu swali hili kwa uwazi unaovutia. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na ambaye alikuwa na mguu mlemavu, alifundisha kuwa ugonjwa ni kizuizi cha mwili wala si kizuizi cha hiari, isipokuwa hiari yenyewe ikubali kuzuiwa. Yeye hakuacha maandishi. Mafundisho yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian, jambo ambalo litakuwa na maana mbele. Jibu lake linamfaa sana mtu aliyevunjika mguu, na pengine hata aliyefungwa gerezani. Kwa mwandishi aliyechoka halitoshi, kwa kuwa linategemea mpaka kati ya mwili na hiari, na uchovu wa maradhi sugu hauuheshimu mpaka huo. Unaingia ndani ya chombo kilekile ambacho Mstoiki anakitegemea, yaani uwezo wa kuelekeza fikra, kushika wazo hadi lifike mwisho, kuchagua neno moja kati ya matano. Nia yenyewe ndiyo inayougua. Kumwambia mtu huyo kwamba penye nia pana njia ni kumtuma akachote maji kwa ndoo ileile iliyotoboka.

Jibu lililo makini zaidi, ingawa halikutungwa kwa ajili ya waandishi, linapatikana mahali ambapo wanafalsafa hawana desturi ya kutafuta, nalo ni fiqhi, yaani elimu ya hukumu za ibada na matendo katika Uislamu, na hasa milango yake inayohusu sala na saumu ya mgonjwa. Wanafiqhi walilazimika kuushughulikia mwili kama ulivyo, kwa sababu watu halisi walikuja kuuliza. Sahaba Imran bin Huswein, aliyekuwa akiugua bawasiri, alimwuliza Mtume kuhusu sala yake, na jibu lililopokewa katika mkusanyiko wa Bukhari ni kwamba asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, waliendeleza ngazi hiyo hadi chini kabisa: asiyeweza kurukuu na kusujudu huashiria kwa kichwa, asiyeweza kichwa huashiria kwa kope, na asiyeweza hata hilo huzipitisha nguzo za sala moyoni mwake, maadamu akili ipo.

Mambo mawili katika hukumu hizo yanastahili kukaliwa kwa muda. La kwanza ni kipimo cha udhuru, yaani sababu inayokubalika kisheria. Haikusemwa kwamba mgonjwa asimame mpaka aanguke ndipo aaminiwe. Baadhi ya wanazuoni wa Kishafi walisema kuwa taabu inayoruhusu kukaa ni ile inayomwondolea mtu khushuu, yaani utulivu wa moyo na umakini ndani ya sala, na katika mlango wa saumu kuna sababu nyingine inayokubaliwa: kuhofia kwamba kufunga kutazidisha ugonjwa au kutachelewesha kupona. Huu ni udhuru unaotazama kesho. Mtu anaweza kuwa na nguvu ya kufunga leo na bado akaruhusiwa kula, kwa kuwa gharama itakuja baadaye. Ni vigumu kupata maelezo yanayomfaa zaidi mwandishi ambaye saa nne asubuhi anaweza kabisa kuandika saa mbili zaidi, na anajua zitamlaza hadi mwisho wa wiki.

La pili ni tofauti ambayo wanafiqhi waliiweka kati ya wagonjwa wa aina mbili. Mgonjwa anayetarajiwa kupona hula katika Ramadhani, kisha huzilipa siku zile akishapona. Malipo hayo huitwa kadha. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona, pamoja na mzee aliyedhoofika, hadaiwi siku. Badala yake hutoa fidia, ambayo kwa Mashafi ni kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa mahali pale, kwa kila siku, apewe maskini. Na kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo husema kwamba mgonjwa wa aina ya pili akipona kinyume na matarajio baada ya kutoa fidia, halazimiki kurudi nyuma na kuzifunga siku zile, kwa kuwa tangu mwanzo aliyoamrishwa yeye ilikuwa fidia. Siku zake za ugonjwa hazikuwa siku za mkopo.

Hapa ndipo penye kosa kubwa la waandishi wenye maradhi sugu, na pia la wanaowapenda. Wanaishi kwa hukumu ya kadha. Kila siku isiyoandikwa huwekwa kando kuwa deni litakalolipwa afya ikirudi, na kwa kuwa afya hairudi kwa ukamilifu, deni hukua mpaka likawa zito kuliko ugonjwa. Siku nzuri inapopatikana haitumiki kama siku. Inatumika kulipa madeni ya siku thelathini, mgonjwa anaandika usiku kucha, anaporomoka, na deni linaongezeka. Tabibu akiitazama hali hiyo ataiita kutojua kipimo. Mtazamo wa kidini unaweza kuiona kwa namna kali zaidi, kwamba ni kukataa rukhsa, yaani ruhusa aliyoiweka Mungu kwa ajili ya mwenye udhuru, na kukataa huko mara nyingi huvaa nguo za uchamungu.

Ugumu ni kwamba maradhi sugu hayamwambii mtu yumo katika kundi gani. Kuna mwenye lupasi anayekaa miaka mitatu bila dalili, kisha ikarudi. Fiqhi huuacha uamuzi kwa dhana yenye nguvu, kwa uzoefu wa mgonjwa mwenyewe au kwa neno la tabibu mwaminifu, wala haidai yakini. Na huenda hilo ndilo linalowashinda watu wa kalamu, waliozoea kutaka mwisho wa hadithi kabla ya kuamua waishi vipi katikati yake.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, mfano wa karibu zaidi wa mwandishi aliyeandika ndani ya maradhi ni Mwana Kupona binti Mshamu, mwenyeji wa kisiwa cha Pate, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyefariki mwaka 1856. Utendi wake uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, umejadiliwa sana kuhusu utii wa mke kwa mumewe, na mjadala huo umefunika jambo ambalo mshairi aliliweka mlangoni mwa kazi yake. Katika beti za mwanzo kabisa anamjulisha binti kwamba maradhi yamemshika hadi mwaka umetimia, na kwamba katika mwaka huo hakupata kutamka neno jema la kumwambia. Kisha anamwita asogee, akae mbele yake na wino na karatasi. Mwaka mzima wa ukimya umetajwa kwa maneno machache. Haukuombewa radhi, wala haukudaiwa kulipwa. Mama huyu hasemi kwamba mwaka ule ulimfundisha kitu, na mwandishi wa leo aliyezoeshwa kuvuna maana katika kila mateso angefaidika kulitazama hilo kwa makini.

Umbo la utendi nalo lina la kusema. Ubeti wa utendi una mishororo minne yenye mizani nane nane. Mitatu ya kwanza hupatana vina baina yao, na wa nne hubeba kina kimoja kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Itakuwa ujasiri usio na ushahidi kudai kwamba Mwana Kupona alilichagua umbo hilo kwa sababu ya ugonjwa, kwani lilikuwa umbo la kawaida la pwani ile kwa mawaidha na visa. Lakini ni umbo linalomstahimili mgonjwa. Ubeti mmoja ni mfupi kiasi cha kukaa kichwani bila kalamu. Unaweza kukamilika asubuhi na ukawa kitu kizima hata kama jioni hakuna nguvu ya kuongeza wa pili. Na kina kile kinachorudi humwonyesha mtunzi aliyelala siku nne mahali hasa pa kuushika uzi. Mwandishi wa riwaya ambaye uchovu umemwondolea uwezo wa kushika sura nzima akilini hana msaada wa namna hiyo, ila aubuni mwenyewe. Mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche, aliyeacha kufundisha katika Chuo Kikuu cha Basel mwaka 1879 kwa sababu ya maumivu ya kichwa na macho, alizidi kuandika kwa vipande vifupi vinavyoweza kutungwa wakati wa kutembea na kunakiliwa kwa dakika chache, na vipande hivyo vikawa mtindo wa falsafa yake. Mwanafalsafa Mfaransa Pascal aliacha vipande kwa sababu nyingine, kwamba maradhi na mauti hayakumpa nafasi ya kuviunganisha.

Katika mwisho wa utendi Mwana Kupona anageuka kumwomba Mungu. Anawakabidhi kwake watoto na ndugu, na anaomba aponywe. Ombi hilo halipingani na rukhsa. Mtu anaweza kutoa fidia na bado akaomba afya, kama vile mgonjwa anayesali ubavu hakatazwi kutamani kusimama. Mapokeo yanasema alifariki yapata mwaka 1860.

Upande wa Ukristo kuna mwandishi aliyelifikiria suala hili kwa ukavu unaofaa kulinganishwa na ule wa mshairi wa Pate. Flannery O'Connor, Mkatoliki wa jimbo la Georgia nchini Marekani, aliugua lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, na ambayo yalikuwa yamemuua baba yake mwaka 1941. Alirudi nyumbani mgonjwa mwishoni mwa mwaka 1950, akaishi na mama yake shambani karibu na Milledgeville hadi alipofariki Agosti 1964 akiwa na umri wa miaka 39. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini kwa kuwa ngazi zilimshinda, na tangu katikati ya miaka ya 1950 alitembea kwa magongo. Aliandika asubuhi tu, kwa saa chache, kila siku aliyoweza. Baada ya hapo alikuwa na barua, wageni na tausi wake. Mwaka 1958 alipelekwa Lourdes, mji wa Ufaransa ambako Wakatoliki wagonjwa huenda kuomba uponyaji, na baadaye akaeleza katika barua kwamba huko aliiombea riwaya aliyokuwa akiiandika kuliko mifupa yake. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1960.

Ni rahisi kuifanya habari hiyo kuwa hekaya ya ushujaa, na O'Connor mwenyewe hakuwa na subira na hekaya za namna hiyo. Alichokipata kwa padri na mwanasayansi Teilhard de Chardin kilikuwa kigumu zaidi. Teilhard alitenga katika maisha ya mtu yale anayoyatenda na yale anayotendewa, na miongoni mwa haya ya pili akaweka upungufu ambao mtu hakuuchagua na hawezi kuuondoa; lakini alisisitiza kwamba mwaminifu hupaswa kwanza kupambana na ugonjwa kwa nguvu zake zote, na ni kile tu kinachosalia baada ya mapambano ambacho hupokelewa kuwa njia ya kumfikia Mungu. Fundisho hilo linawafungia mlango wanaomwambia mgonjwa afurahie ugonjwa wake. Linaufunga pia kwa waandishi, ambao ni wengi mno, wanaodai kwamba maradhi ni baraka ya sanaa. Saa chache za asubuhi za O'Connor zilikuwa mabaki ya siku aliyonyang'anywa, na hakuna anayejua angeandika nini kama angekuwa na siku nzima.

Ulinganisho wa kuandika na ibada una mpaka wake, na mpaka huo haufai kufichwa. Sala iliyopitishwa moyoni na mgonjwa asiyeweza kusogeza hata kope humfikia aliyekusudiwa. Makala iliyopitishwa moyoni haimfikii mtu yeyote. Imepokewa kwa njia ya Sahaba Abu Musa al-Ash'ari kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima na mkazi, na kwa muumini hilo ni faraja kubwa, lakini daftari linalotajwa hapo si lile analolitazama mhariri. Hata hivyo fidia yenyewe inatoa mwanga ambao sala haiutoi. Mgonjwa asiyeweza kufunga haachwi peke yake na udhuru wake. Anaelekezwa kwa mtu mwingine, mwenye njaa, na ni kwa mtu huyo wajibu wake unatimia. Katika kazi ya kuandika jambo hilo lina sura zake: mkusanyo wa miaka mingi akakabidhiwa mwanafunzi, wazo likatolewa kwa mwenzake mwenye nguvu ya kulifuata, mazungumzo yakanakiliwa na mtu mwingine kama Arrian alivyomnakilia mwalimu wake. Mtume Paulo, ambaye katika barua zake anataja udhaifu wa mwili wake na mwiba ambao haukuondolewa ingawa aliomba mara tatu, alikuwa na makarani kama ilivyokuwa desturi ya zama zake, na katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi karani aitwaye Tertio anajitaja kwa jina na kutoa salamu zake mwenyewe.

Sura hizo zote zinahitaji watu, na hapa ndipo suala linapoacha kuwa la nafsi ya mgonjwa pekee. O'Connor alikuwa na mama na shamba lenye wafanyakazi. Nyumba ya Mwana Kupona ilikuwa na watumwa, nao wametajwa katika utendi wake, kwa hiyo utulivu wa kitanda kile ulibebwa kwa sehemu na watu ambao hakuna aliyewauliza kuhusu uchovu wao. Mwandishi wa leo anayelipwa kwa makala, Mombasa au Dar es Salaam, asiye na shamba wala mshahara wa ugonjwa, ana mikataba inayojua kadha tu: kazi isiyofika leo ifike wiki ijayo, na isipofika apewe mwingine. Kwake kuambiwa kuhusu rukhsa kunaweza kuonekana kama anasa.

Lakini rukhsa katika jamii ya waumini haikuwahi kuwa siri ya mgonjwa na Mola wake tu. Anayekula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya maradhi yasiyoonekana usoni anaonekana na mke, watoto, muuza duka na majirani, na adabu ya dini huwataka hao wamdhanie vema kabla ya kumhoji, kwa kuwa udhuru wake ni halali hata kama wao hawauoni. Wanaoishi na mwandishi mgonjwa, na wanaomlipa, humwona vilevile: amekaa mchana kutwa kando ya dirisha, kalamu imefungwa, uso hauna dalili ya homa.